Kwetu ni Wapi? Kufuatilia Mizizi ya Ukoo kwa Historia ya Mahali

Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huulizwa swali moja kabla hata hajapata kitanda: "Kwenu wapi?" Wengi tunajibu kwa mkoa. Ukibanwa unataja wilaya, halafu kijiji. Mimi husema Mara, Serengeti, kata ya Kisaka, na hapo hapo mtu ananiita "mura", tunacheka, mazungumzo yanaisha. Lakini swali la pili likija, yaani kabla ya Kisaka mlikuwa wapi na baba yake babu aliitwa nani, wengi wetu tunaanza kuangalia pembeni. Jina la babu tunalijua kwa sababu lipo kwenye vyeti vyetu. La baba yake babu tunabahatisha. La mama yake babu hatujawahi hata kulisikia.

Makala haya ni somo la kufanyia kazi, hasa kwa sisi wa ualimu ambao kesho tutasimama mbele ya darasa la Historia ya Tanzania na Maadili. Nataka kuonyesha kwamba mtu wa kijijini Mara anaweza kufuatilia mizizi yake kwa utaratibu unaoeleweka, tena wenye njia ya kukagua makosa, hata kama nyumbani hakuna cheti hata kimoja. Nataka pia kusema jambo gumu kidogo: ukifuatilia vizuri utakuta mizizi haipiti kwenye damu peke yake. Inapita kwenye nyumba, kwenye rika na kwenye ardhi. Asiyelijua hilo anaweza kuichukua historia ya ukoo akamuumiza nayo ndugu yake.

Waskoti wanafanyaje?

Naanza na Uskoti kwa sababu Waskoti ni kati ya watu wanaosifika sana duniani kwa kutafuta koo zao. Katika karne ya 18 na ya 19 wengi wao waliondoka kwao. Wapo waliokwenda kutafuta maisha, na wapo, hasa wa nyanda za juu, waliotolewa mashambani na wenye ardhi waliotaka nafasi ya kufuga kondoo. Leo wajukuu wao wako Kanada, Marekani, Australia na New Zealand. Wakitaka kujua kwao wana pa kuanzia, nako ni kwenye karatasi. Usajili wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Uskoti mwaka 1855. Kabla ya hapo kulikuwa na daftari za parokia, na la zamani kabisa lililobaki ni la mwaka 1553. Sensa zinazotaja majina ya watu nyumba kwa nyumba zipo kila baada ya miaka 10 kuanzia 1841.

Unaweza kudhani kwamba mwenye karatasi zote hizo hana tatizo tena. Analo. Kwa desturi yao ya zamani, mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba na wa pili jina la babu mzaa mama, kwa hiyo katika parokia moja unaweza kukutana na akina James MacDonald wengi wa umri unaokaribiana. "Mac" maana yake ni mwana wa, lakini si kila mwenye jina la ukoo fulani ametoka kwenye damu ya chifu wa ukoo huo. Wengine walikuwa wapangaji wake au wafuasi wake tu, wakachukua jina lake kwa kuwa waliishi chini ya ulinzi wake.

Ndiyo maana mtafiti makini wa Uskoti haishii kwenye cheti. Anauliza: James huyu alilima shamba gani? Alikuwa mfumaji au mvuvi? Parokia yake ilipatwa na nini mwaka ule? Kwa bahati, kati ya mwaka 1791 na 1799 Sir John Sinclair alichapisha taarifa za parokia za nchi nzima, zilizoandikwa hasa na wachungaji wa parokia zenyewe: mazao, bei, idadi ya watu, magonjwa, desturi. Hiyo ndiyo historia ya mahali. Inampa jina la kwenye cheti shamba, jirani na mwaka wa njaa.

Mfano mmoja ulio karibu na sisi wa Kanda ya Ziwa ni Alexander Mackay, fundi na mmisionari aliyezaliwa Rhynie, Aberdeenshire, mwaka 1849. Alifariki mwaka 1890 Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, na mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala. Maisha yake yanaweza kufuatwa kwenye maandishi tangu kuzaliwa hadi kaburi la pili. Watu wa Usambiro walioishi naye jirani hawana maandishi hayo. Si kwamba hawakuwa na baba wala babu. Walikosa karani.

Karani wetu alikuwa nani?

Kisaka iko upande wa Wangoreme, katika Wilaya ya Serengeti, na ng'ambo ya Mto Mara ndiko Tarime kwa Wakurya. Lugha zetu zinakaribiana, majina yetu yanaingiliana, na mambo mengi ya ukoo tunayafanya kwa namna moja au kwa namna zinazofanana. Katika jamii hizi kazi ya karani ilifanywa na vitu vinne: nyumba, rika, jina na mahali. Nitavipitia kimoja kimoja, kisha nifike kwenye karatasi.

*Nyumba.* Anza na walio hai, na uanze kwa kuuliza nyumba kabla ya kuuliza ukoo. Katika mji wa mtu mwenye wake wengi, kila mke alikuwa na nyumba yake, na watoto walijulikana kwa nyumba ya mama yao. Ukimuuliza mzee orodha ya mababu tu, atakupa wanaume watupu, na nusu ya historia itakuwa imeshapotea. Muulize: "Babu yetu alitoka nyumba ya nani?" Halafu uliza habari za ng'ombe. Mahari ya bibi ililipwa kwa ng'ombe waliotoka wapi? Je, walitoka kwenye mahari ya dada yake babu? Mzee aliyesahau mwaka wa harusi anaweza asisahau ng'ombe wale, kwa sababu ng'ombe waliunganisha nyumba mbili na deni lake lilikumbukwa. Kwa kufuata ng'ombe unawapata wanawake ambao orodha ya wanaume imewaruka.

*Rika.* Hapa ndipo tulipo na kitu ambacho hata Waskoti hawana. Wangoreme na Wakurya wanayo makundi ya vizazi yaitwayo amakora, ambayo ni tofauti na rika la waliotahiriwa pamoja. Mtu haingii kwenye kundi hili kwa umri. Anaingia kwa kufuata baba yake. Makundi yako pande mbili, na kila upande una majina manne yanayozunguka. Upande mmoja, kwa mfano, ni Saai, Nyambureti, Gamunyeri na Maina, ingawa tahajia hutofautiana kati ya sehemu na sehemu. Mtoto wa Saai ni Nyambureti, mjukuu ni Gamunyeri, kitukuu ni Maina, kisha mtoto wa Maina anarudi kuwa Saai. Upande wa pili nao, ule wa Chuma, una majina yake manne na mzunguko wake. Mtafiti Malcolm Ruel aliandika kuhusu vizazi hivi vya Wakurya mwaka 1962, lakini wazee hawakuhitaji kumsoma ili wavijue.

Faida yake kwa mtafuta ukoo ni kubwa. Ukipewa orodha ya majina matano, uliza kila mmoja alikuwa rikora gani. Kama orodha inaruka kutoka Saai kwenda Gamunyeri, ujue kuna mtu mmoja hapo katikati hajatajwa, kwa sababu Nyambureti lazima awepo. Ni kama namba ya kukagulia hesabu. Njia hii ina mpaka wake: kama mzee ameruka vizazi vinne kamili, mzunguko utakuwa umerudi palepale na hutaona pengo. Tukikadiria miaka 25 hadi 30 kwa kizazi, hiyo ni miaka 100 hadi 120 iliyopotea bila kelele. Kwa hiyo rika peke yake halitoshi. Linahitaji jina na mahali.

*Jina.* Kwetu jina mara nyingi hubeba tukio. Wambura ni jina la mvua. Kwa mfano mkubwa zaidi hatuhitaji kutoka nje ya Mara. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaitwa Kambarage, jina linalohusishwa na mzimu wa mvua, kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha. Baba yake, mtemi wa Wazanaki, aliitwa Nyerere, na inaelezwa kwamba jina hilo ni la viwavi walioshambulia mimea wakati anazaliwa. Kwa hiyo jina ambalo dunia nzima inalitaja likiwa jina la ukoo, kwa asili lilikuwa taarifa ya kilimo ya mwaka mmoja katika sehemu moja ya Mara.

Marika ya tohara nayo yalipewa majina kwa matukio ya wakati wake. Mzee akikuambia "babu yako alitahiriwa wakati wa nzige", amekupa tarehe, na kazi yako ni kuitafsiri. Matukio ya kushikilia ni haya: sotoka iliyomaliza ng'ombe Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, njaa kubwa iliyofuata, ambayo sehemu hizi hukumbukwa kama njaa ya miguu kwa sababu watu walitembea mbali kutafuta chakula, kuingia kwa Mjerumani na boma lake la Fort Ikoma, Vita ya Kwanza ya 1914 hadi 1918, nzige wa karibu na mwaka 1930, vita vya Hitler vya 1939 hadi 1945, Uhuru 1961, kufutwa kwa utemi 1963, kuhamia vijijini katikati ya miaka ya 1970, vita vya Kagera 1978 na 1979. Yaandike kwenye karatasi moja kabla hujaenda kwa mzee. Ukimuuliza mwaka atababaika. Ukimuuliza "ilikuwa kabla ya kuhamia kijijini au baada?" atakujibu papo hapo.

*Mahali.* Wengi tunadhani kijiji cha leo ndicho kwetu tangu zamani. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kuwa kuishi katika vijiji itakuwa lazima ifikapo mwisho wa 1976, na familia nyingi zikahamishwa kutoka kwenye miji yao iliyotawanyika. Kabla ya hapo kulikuwa na kuhama kwa sababu ya njaa, vita, ugonjwa wa mifugo na kutafuta malisho. Kwa hiyo muombe mzee mtembee mpaka kwenye mahame. Tafuta mawe ya jikoni, ua wa minyaa iliyobaki peke yake porini, mti uliopandwa, kaburi. Mzee aliyekaa kwenye kiti anasimulia kwa ufupi. Akisimama penyewe hukumbuka majirani: huyu alikuwa hapa, yule pale, njia ya mtoni ilipita hivi. Majina ya mahali nayo yasome. Katika wilaya yetu ipo kata inayoitwa Nyambureti, jina lile lile la rikora.

Mahali pengine hutaweza kufika kwa miguu. Waisenye husimulia kwamba walitoka Nyeberekera, na sehemu hiyo leo iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliyoanzishwa mwaka 1951. Watalii wanaona tambarare yenye nyumbu. Mzee wa Kiisenye anaona kijiji cha mababu zake.

Karatasi zipo, lakini zisome kwa jicho kavu

Tusijidharau tukasema hatuna maandishi kabisa. Yapo. Misheni ya Nyegina karibu na Musoma ni ya mwaka 1911, Wamenoniti walifungua Shirati mwaka 1934, na mapadre wa Maryknoll waliingia Musoma mwaka 1946. Daftari za ubatizo na ndoa zinaweza kutaja baba, mama, kijiji na wadhamini. Ukienda parokiani nenda kwa heshima, na barua ya chuo uwe nayo. Maofisa wa Kiingereza nao waliweka vitabu vya wilaya, vya Musoma na vya North Mara, jina la Tarime wakati ule, navyo vipo Nyaraka za Taifa. E. C. Baker aliandika juu ya Wakurya katika miaka ya 1930, na mkusanyo wa Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, uko maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kuna pia maandishi ya watu wetu wenyewe. Mwaka 1969 Philipo Haimati na P. Houle walitoa Misheni ya Iramba andiko liitwalo Mila na Matendo ya Wangoreme. Mwaka 2003 mwanahistoria Jan Bender Shetler alichapisha kitabu cha historia zilizoandikwa na wenyeji wa Mara Kusini. Nikiyaona maandishi ya namna hii huwa nawaza: wapo wazee waliokaa na kuandika kwa mkono kwenye madaftari, bila posho yoyote, kwa sababu waliona wajukuu tunasahau.

Lakini mkoloni hakuandika ukoo wetu kwa kutupenda. Alitaka kodi na alitaka mtu mmoja wa kumwita mtemi. Sehemu ambazo mamlaka yalikuwa mikononi mwa marika na wazee wa koo, yeye alichora mipaka na kuweka chifu. Kwa hiyo kitabu cha wilaya kikisema "hawa ni kabila fulani na kiongozi wao ni fulani", uliza nani alimwambia hivyo, na mtu huyo alikuwa anagombea nini. Sensa nayo haitakusaidia sana: ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho nchini kuuliza kabila, na ukoo wako hautauona humo.

Kanuni yetu iwe hii: habari moja, mashahidi watatu wasioishi nyumba moja. Mmoja awe mwanamke aliyeolewa nje ya ukoo, kwa sababu shangazi anajua ya kwao na anajua pia ambayo ndugu zake wa kiume wameamua kuyanyamazia.

Pengo lililokuwa na maana

Nitoe mfano wa kwetu, bila majina. Wakati wa likizo nilimpelekea shikamoo babu mdogo na kumuomba anitajie mababu. Alitaja majina kwa ufasaha kabisa, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikawa naandika rikora ya kila mmoja pembeni. Sehemu moja orodha iliruka: Saai, halafu Gamunyeri. Nilimuuliza huyo wa katikati ni nani. Akasema hakuna, huyu ni wa yule, basi.

Nilikwenda kwa shangazi. Yeye alicheka kwanza, kisha akafunga mlango. Huyo wa katikati, alisema, hakuwahi kuzaliwa. Yule Saai alikuwa na mke ambaye hakupata mtoto wa kiume. Mama yule alikuwa na ng'ombe wa mahari ya binti zake, na alipozeeka akaoa msichana kwa utaratibu wa nyumba ntobhu, ili nyumba yake isife. Msichana yule alihesabiwa kuwa mkwe, yaani mke wa mwana ambaye hakuwepo. Watoto wake wakawa wajukuu wa nyumba ile, wakapata rika lao kwa hesabu hiyo, wakarithi shamba. Sisi ni wao.

Desturi hii ipo Mara hadi leo na ina mjadala wake, kwa kuwa wapo wasichana walioolewa hivyo wakiwa wadogo bila kuulizwa, na hilo hatuwezi kulipamba. Ninachotaka tuone hapa ni jinsi kumbukumbu ilivyofanya kazi. Karatasi ya Kiskoti ingeandika jina la mama na kuacha nafasi ya baba wazi. Rikora ilimpa mwana asiyezaliwa nafasi yake kamili, na nafasi hiyo ilibaki hata baada ya watu kuacha kusimulia kisa chenyewe. Ndiyo iliyonifanya niulize.

Baada ya kunieleza, shangazi aliniuliza swali ambalo hakuna kitabu cha mbinu za utafiti kilichowahi kuniuliza: "Ukiyaandika haya, shamba la kaka zako litakuwaje?"

Historia ya ukoo inaweza kuua

Swali la shangazi si la kuchezea. Kwetu, kusema "fulani alikuja" au "fulani si wa damu" ni maneno ya kwenye baraza la ardhi. Siku ya kugawana shamba ndiyo siku ambayo mtu hukumbushwa kwamba bibi yake aliletwa akiwa mtoto wakati wa njaa, akabadilishwa kwa nafaka. Tena hayo yalitokea kweli. Masimulizi ya njaa ile ya mwisho wa karne ya 19 yanataja watoto na wanawake waliopokelewa na nyumba za watu wa mbali, wakakua humo, wakazaa humo. Ina maana familia nyingi, pamoja na zile zinazojisifu kuwa wenyeji wa asili, zina mtu wa namna hiyo ndani yake.

Tarime tumeona jambo hili likifika kwenye mapanga na mishale. Mapigano ya koo, kwa mfano kati ya Waanchari na Warenchoka, yameripotiwa kwa miaka mingi, na chanzo kikubwa ni ardhi na mifugo. Serikali ilifika hatua ya kuweka Kanda Maalum ya Kipolisi ya Tarime na Rorya. Kijana anayebeba panga ameambiwa historia fulani: sisi ndio tuliotangulia, wale walikuja. Mpaka wa nchi nao unatuonyesha jinsi historia hiyo ilivyo nyembamba. Abairege, Abanyabasi, Abakira na Abagumbe wako Kenya na wako Tanzania, kwa sababu Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi mwaka 1886 na 1890 hawakumuuliza mtu ukoo wake.

Sasa sikiliza masimulizi ya chanzo ya jirani zetu. Wanata wanasema walianza pale mwindaji, Nyamunywa, alipokutana na mwanamke mkulima, Nyasigonko. Waikoma wanasema asili yao ni Sonjo, mbali upande wa mashariki. Katika masimulizi haya, kabila linaanza pale mgeni anapofika. Hakuna simulizi hata moja kati ya hizo inayosema "tuliota hapa kama mti". Mwalimu akifundisha hili vizuri, mwanafunzi wa Tarime na wa Serengeti atajua kwamba kutafuta mizizi kwa bidii humpeleka mtu kwa jirani yake.

Kwa hiyo mambo matatu kabla hujaandika. Kwanza, omba ruhusa, na mueleze mzee maandishi yatakwenda wapi. Pili, tenganisha madaftari mawili: la ukoo, lenye kila kitu na linalokaa kwa mtu anayeaminiwa na pande zote, na la shule au chuo, ambalo majina ya watu walio hai na siri zinazoweza kumnyima mtu haki hayaingii. Tatu, andika kama ulivyosikia, na taja nani kasema, hata kama wawili wanapingana. Ukichagua mshindi kabla hujakusanya ushahidi, unakuwa wakili wa upande mmoja.

Shangazi nilimjibu kwamba jina lile litakaa kwenye daftari la ukoo, na hilo ndilo lililofanyika. Kaka zangu wamesomewa ukurasa ule. Mmoja alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kaburi la yule mama liko wapi, kwa kuwa shamba analolima lilitokana na ng'ombe wake. Walikwenda kulisafisha.

Maswali ya kwenda nayo likizo

Yafuatayo yanafaa kwako, na yanafaa kwa darasa lako ukienda mafunzo ya ualimu kwa vitendo. Mpe kila mwanafunzi wiki mbili na ukurasa mmoja tu.

1. Babu yako alitoka nyumba ya mama yupi, na mama huyo alitoka ukoo gani?
2. Mahari ya bibi yako ililipwa kwa ng'ombe waliotoka wapi?
3. Kila mtu kwenye orodha yako ni rikora gani? Pengo liko wapi?
4. Jina lako la nyumbani limetokana na nani au na tukio gani?
5. Kabla ya kuhamia kijijini mlikaa wapi? Nani walikuwa majirani?
6. Nani katika ukoo alikuja akiwa mgeni, na alipokelewaje?
7. Nani alihama, na sasa uzao wake uko wapi?
8. Ni karatasi gani ya zamani kabisa iliyomo nyumbani: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, risiti ya kodi?
9. Nani mwingine anaijua habari hii, lakini anaisimulia tofauti?
10. Ni jambo gani mzee ameomba lisiandikwe?

Simu yako ina kinasa sauti, itumie. Lakini rekodi bila jina la msemaji, tarehe na mahali haimsaidii atakayeikuta baadaye, kwa hiyo yataje hayo mwanzoni kwa sauti yako. Nakala moja iache kijijini. Halafu nenda mapema, asubuhi, kabla mzee hajachoka, na usiende mikono mitupu. Sukari kilo moja inatosha.